Programu Inaniuliza Niko Jimbo Gani

Mtu akikuambia kuweka kodi kwenye programu ya hesabu ni kazi ya dakika tano, mwulize kwanza anauza nini. Kama anauza maneno, mwache aende zake. Mimi nauza simiti, mabati na misumari hapa Busia, upande wa Uganda, na nimekaa mbele ya laptopu mpaka chai imeota utando, kwa sababu programu imekataa kuendelea hadi nitaje jimbo langu.

Jimbo! Nikateremsha orodha. Inaanza Alabama, inakwisha Wyoming. Busia haimo. Nikatafuta Tororo, maana Tororo angalau wana mwamba unaoonekana kutoka mbali. Nayo haimo. Montana ipo, Oregon ipo, na mpwa wangu anayesomea mambo ya kompyuta Kampala akaniambia majimbo hayo mawili hayatozi kodi ya mauzo kabisa.

"Basi andika Montana, twende tukale," nikamwambia.

"Mjomba, tafadhali."

Huko Marekani serikali kuu haina kodi ya mauzo. Kila jimbo linajipangia lake, halafu kaunti na mji nao wanatia mkono. Na inakatwa mara moja tu, mwisho wa safari, pale mtumiaji anapolipa. Yetu ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Tunayo tangu 1996, ilianza na asilimia 17, ikapanda hadi 18 mwaka 2005, na imekaa hapo (nisiongee kwa sauti, wasije wakanisikia). VAT inatembea na mzigo. Kiwanda kinamtoza wa jumla, wa jumla ananitoza mimi, mimi namtoza anayejenga, na mwezi ukiisha natoa nilichotozwa kwenye nilichotoza, serikali inachukua tofauti. Sasa programu ile ina kisanduku cha kodi ya mauzo. Cha kodi ya manunuzi, hakuna. Ningeifuata, ningekabidhi kodi ya lori zima la simiti kana kwamba simiti yenyewe niliichimba uani.

Mpwa akasema tulia, kuna toleo lenye nchi za huku kwetu. Akabonyeza, akachagua Kenya. Kwa nini Kenya? "Ndiyo iliyo karibu." Ni kweli iko karibu, nikipiga chafya dukani wananisikia. Lakini ng'ambo ya geti VAT ni asilimia 16.

"Zinatofautiana mbili tu, mjomba."

Mbili tu! Asilimia mbili ya mauzo ya mwezi, siku wakaguzi wakija, atakuja yeye kuwaambia ni mbili tu? Na si asilimia peke yake. Ile ya Kenya ilijiwekea kunikumbusha ritani, ile hesabu ya VAT ya kila mwezi, tarehe 20, kwa sababu ndiyo tarehe yao. Yetu ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Yaani ningekuwa nimekaa tarehe 17, miguu juu ya mfuko wa simiti, nikijua nina siku tatu mkononi, kumbe faini imeshaanza kazi.

Uganda tuliipata mwisho kabisa, chini ya "nchi nyingine", na fomu yake ilikuwa tupu. Jaza mwenyewe jina la kodi, asilimia, nani anaikusanya, unawasilisha kila lini. Hiyo ilipita bila ugomvi. Nikadhani tumemaliza.

Ndipo ikauliza: bei zako, kodi iko ndani au iko nje? Chagua moja.

Aliyeandika swali hili dukani kwake hakuna mtu anayeomba kupunguziwa. Bei kwake ni kitu kimeandikwa kwenye karatasi, mteja anasoma, analipa, anasema asante. Huku kwetu bei ni mazungumzo, na mazungumzo yenyewe yanaanza na habari za watoto.

Alikuja Hajati mmoja kutafuta toroli. Nimeliweka 118,000. Humo ndani kodi ni 18,000 na langu ni 100,000, hesabu safi hata ya kufundishia darasa la tano. Kijana wangu wa kaunta akaiingiza kwenye programu, na programu ilikuwa kwenye "kodi nje" kwa sababu ndivyo ilivyokuja kutoka kwao. Skrini ikaandika 139,240. Hajati akavaa miwani, akasoma tarakimu zote kwa sauti, akavua miwani.

"Baba, hili toroli lina injini?"

Tukairudisha "kodi ndani". 118,000. Hajati sasa akaanza kazi aliyojia.

"Nina laki moja."

"Hajati, laki moja ni yangu. Ya serikali iko wapi?"

"Serikali niachie mimi, tunajuana."

Tukapanda, tukashuka, marehemu mume wake akatajwa, mzee aliyeninunulia misumari yangu ya kwanza nilipofungua duka, Mungu amrehemu, na hapo nikajua nimeshindwa. Tukakubaliana 110,000. Programu ikaumeza mkataba wetu ikautema umegawanywa: langu 93,220.34, kodi 16,779.66. Kijana akaniuliza senti 66 azitoe droo gani. Banange! Hapa hata sarafu ya shilingi 50 mtu akikurudishia unamwangalia usoni kuona kama anakutania. Mpwa akaingia kwenye mipangilio akaondoa senti, kila kitu kikae kwenye shilingi nzima. Tuliona ni jambo dogo. Ngojeni.

Hajati akiondoka na toroli lake aliniachia neno: "Jirani yako hana mambo haya ya kodi." Nalijua hilo. Sheria inamtaka kujiandikisha VAT anayefikisha mauzo ya shilingi milioni 150 kwa mwaka, na jirani anasema hajafika. Mimi sisemi kitu. Malori yanashusha kwake, mimi nipo hapa kwangu nafagia, na kufagia hakumzuii mtu kuhesabu. Ila hata yeye alipochukua simiti kwa mwenye VAT alitozwa, na kwa kuwa hajajiandikisha hana mahali pa kuidai, kwa hiyo imekaa ndani ya bei yake imejifunika shuka. Anachokwepa ni ile ya faida yake tu. Mweleze Hajati hayo, uone kama toroli litarudi.

Basi nikafikiri kwamba vitu visivyotozwa ndivyo vitakuwa rahisi. Kisicho na kodi hakina kodi, si ndiyo? Programu ikanifungulia orodha ya sifuri. Kuna "asilimia sifuri". Kuna "imesamehewa". Kuna "nje ya VAT". Na kuna "bila kodi", imekaa peke yake chini pale, hata sijui ilialikwa na nani. Zote zinaleta shilingi sifuri. Nikamwambia mpwa aweke yoyote.

"Mjomba, hapana."

Kumbe mzigo unaouzwa nje ya nchi ni asilimia sifuri, maana yake unamtoza mteja sifuri lakini kodi uliyolipa ukinunua unaidai irudi. Maharage yasiyosindikwa ambayo mama watoto anauza pale kwenye kona ya duka yamesamehewa, nayo unatoza sifuri na hudai chochote. Mshahara wa kijana wa kaunta hauhusiani na VAT hata kidogo, uko nje. Ukizichanganya, ritani inakuonyesha msafirishaji mkubwa wa maharage nje ya nchi, na wewe hujavuka hata barabara.

Halafu akaja mama kutoka ng'ambo. Huyu ni mteja wangu wa siku nyingi. Ananunua mabati mawili, anayafunga kwenye baiskeli kwa mpira, anasukuma kuelekea getini huku anasalimia watu. Kijana aliandika anwani yake Kenya, na programu ikaifuta kodi yenyewe, kwa furaha kabisa, ikaandika "mauzo ya nje". Mauzo ya nje yanataka karatasi za forodha. Za mama ziko wapi? Ziko pale pale zilipo za mzee anayevusha kuku. Nikairudisha 18 kwa mkono, programu ikaniuliza kama nina hakika. Nina hakika. Ikaniuliza tena. Mke wangu haniulizi mara mbili, programu ndiyo inaniuliza!

EFRIS, mtambo wa serikali wa kutoa ankara za kodi kwa kompyuta, nayo inataka heshima yake. Tangu Januari 2021 mwenye VAT ankara yake lazima ipite kwenye mtambo huo, itoke na namba yake na msimbo wa QR, na mwenzako mwenye VAT asipopata ankara ya namna hiyo hawezi kuidai kodi uliyomtoza. Kwa hiyo fundi mwenye kampuni anasimama kaunta ananitajia TIN yake, namba ya mlipakodi, tarakimu kwa tarakimu, na nyuma yake yupo anayejenga choo ambaye akisikia TIN anadhani tunazungumzia bati. Hilo nimelizoea. Kilichonitoa jasho ni kwamba kila bidhaa isajiliwe kwanza, iwe na namba ya kundi lake na kipimo chake. Mabati kwa kipande, sawa. Simiti kwa mfuko, sawa. Misumari? Inaingia kwa katoni, inatoka kwa kilo, inatoka kwa robo, na kila asubuhi yupo fundi anayesema, "Mzee, nipe ya mia tano." Kijana anatia mkono kwenye ndoo, anatoa alichotoa, anafunga kwenye kaveera. Kipimo hicho kwenye orodha hakimo. Kuna galoni, kuna dazeni, kuna mita za ujazo. Mkono wa kijana haumo.

Wafanyabiashara wa Kikuubo, soko la jumla la Kampala, walipofunga maduka Aprili 2024 wakilalamikia EFRIS, kuna watu walisema hao hawataki tu kulipa kodi. Wapo, sikatai. Lakini na wenye ndoo za misumari walikuwepo.

Tukaja kwa wateja wakubwa. Ofisi moja ilichukua rangi na vigae vya 1,180,000. Thamani ni milioni moja, kodi 180,000. Ofisi za aina hiyo, zile zilizoteuliwa kuzuia VAT, zinakata asilimia 6 ya thamani zinaipeleka zenyewe serikalini kwa jina langu, kwa hiyo mimi nikapokea 1,120,000 na cheti. Ni utaratibu, siulalamikii. Programu ndiyo ilikuwa haiujui. Yenyewe iliona 1,180,000 imetoka na 1,120,000 imeingia, ikahitimisha kwamba nimedhulumiwa 60,000, na bila kuniuliza ikawaandikia barua. Siku saba baadaye ikawaandikia ya pili, kali zaidi, imetaja "hatua zitakazofuata". Mimi sina habari, nakutana na wenye ofisi kila Ijumaa msikitini, tunasalimiana vizuri, kumbe nyuma yangu kompyuta inawatisha. Mama wa malipo akanipigia simu.

"Mzee wetu, unatudai nini tena? Cheti si tulikupa?"

Nikaomba radhi kwa niaba ya mashine. Mpwa akaifungulia akaunti ya kodi ya zuio, deni likahamia huko, barua zikakoma.

Mwisho wa mwezi akaja mhasibu kukagua kabla ya ritani. Mtu msafi, ana kalamu tatu mfukoni. Akachapisha risiti, akachapisha ripoti, akakunja uso.

"Kuna shilingi inapotea."

"Ngapi?"

"Moja."

Mnakumbuka senti tulizoondoa? Fundi alinunua kufuli tatu, kila moja 5,000 kodi ndani. Kodi ya kufuli moja ni 762 na senti 71. Kwenye risiti programu inakadiria kila mstari peke yake, inakuwa 763, mara tatu ni 2,289. Kwenye ripoti inachukua 15,000 nzima, kodi inatoka 2,288. Zote zimetoka kwenye programu moja, na haioni aibu. Nikatoa shilingi mia mfukoni nikaiweka mezani, nikamwambia achukue, na chenji asirudishe. Akasema uhasibu hauendi hivyo. Akahamia kiti changu, akapitia risiti za mwezi mzima mstari kwa mstari, akala chakula changu cha mchana, akaagiza rolex, ile chapati ya mayai, na soda, akazikuta shilingi nyingine za aina hiyo zimejificha huku na huku. Adhana ya magharibi ikamkuta bado anapekua. Hatimaye akafungua akaunti mpya, akaiita "Tofauti ya Kukadiria", akazisukumia zote humo, akafunga laptopu kwa upole.

Kesho yake ikaja ankara yake, ina namba, ina msimbo wa QR, imenyooka kabisa. Kusawazisha kodi ya mauzo, shilingi 150,000. Nikasema kale, yaani sawa, angalau ni bei ya kueleweka, kodi ikiwa humo ndani. Nikateremka mstari wa chini. VAT asilimia 18, 27,000. Jumla 177,000.

Kwake yeye kodi iko nje, na hapunguzi.