Kwenye tundu la plagi, spana iingie mwisho

Hilux ya zamani ikifika gereji inamisi (silinda moja haiwaki sawasawa), plagi moja inacheza na masizi yametapakaa pembeni ya tundu, jibu linalotolewa haraka ni kwamba hedi, yaani kichwa cha injini, imechoka, itafutwe nyingine. Sikubaliani nalo. Alumini haichoki hivihivi. Nyuzi za tundu la plagi, ile mistari ya skrubu inayoshika plagi, karibu kila mara huuawa na mkono, tena kwa dakika mbili tu: plagi imetiwa kwenye soketi, rachi, mpini wa soketi, imeshikwa tangu mzunguko wa kwanza, ugumu umesikika, nguvu imeongezwa. Plagi ni chuma, hedi ni alumini. Hapo hakuna cha kubahatisha nani ataumia.

Zipo injini zilizozaliwa na udhaifu huo, kama Triton ya lita 5.4 kwenye Ford F-150 za mwisho wa miaka ya 1990, ambazo hedi zake zilikuwa na nyuzi chache mno za kushika plagi. Lakini 22R ya Toyota, injini ya petroli ya Hilux hizo za zamani, haina kasoro hiyo. Bloku yake ni chuma cha kutupwa, hedi ni alumini, na tundu lina nyuzi za kutosha: unene milimita 14, hatua (kutoka uzi hadi uzi) milimita 1.25, urefu milimita 19. Plagi mfano wake ni NGK BPR5EY, nafasi ya moto, pale cheche inaporuka, milimita 0.8. Soma herufi kabla ya kulipa. B ni uzi wa unene wa milimita 14 na soketi namba 21, E ni urefu wa milimita 19. Ukikuta H mahali pa E, huo ni urefu wa milimita 12.7, na plagi hiyo si yako hata kama imeingia vizuri.

Hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia, na ajabu ni kwamba hayaonekani siku hiyo. Plagi fupi inaacha nyuzi za chini za hedi zikiwa wazi ndani ya chumba cha moto. Kaboni inajaa humo na kukauka kama lami. Gari linatembea. Mwaka mmoja baadaye mwenye gari ananunua plagi sahihi, inaingia nusu, inagota kwenye kaboni, fundi anasukuma, na nyuzi zinang'oka. Lawama inakwenda kwa plagi mpya, ambayo ndiyo pekee isiyo na kosa.

Kutoa plagi kufanyike injini ikiwa imepoa kabisa. Alumini inatanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, na nyuzi za hedi yenye moto ni laini zaidi, hivyo ni rahisi kuchanika. Kabla ya kulegeza, puliza vumbi kwa kompresa. Mchanga wa barabara zetu ukidondoka kwenye silinda unakuwa msasa. Waya shika kwenye kofia yake ya mpira, usivute waya wenyewe. Legeza robo mzunguko, dondosha mafuta ya kulegezea kutu, subiri dakika kumi. Ikilia au ikigoma, ikaze kidogo kisha uilegeze tena, hivyo hivyo mbele na nyuma. Anayeivuta moja kwa moja anaitoa na alumini imejikunja kwenye nyuzi zake. Ukiona nyuzi za plagi zimejaa vipande vyeupe vya kung'aa, usitafute zaidi: hizo ni nyuzi za hedi.

Kurudisha plagi hakuhitaji spana kwa mizunguko yote ya mwanzo. Kata kipande cha mpira wa petroli, urefu wa sentimita 20 hivi, kivishe juu ya plagi na uizungushe kwa vidole. Ikiingia upande, mpira unateleza, rachi haitelezi. Plagi ikikaa kwa vidole ndipo soketi inapokuja. Kama una spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, Toyota inataka Nm 18 kwa injini hii. Kama huna, plagi mpya yenye wosha ikaze nusu mzunguko hadi theluthi mbili baada ya kugota kwa vidole. Plagi iliyokwishatumika wosha yake imeshabanwa, hivyo inahitaji kama moja ya kumi na mbili ya mzunguko, basi. Grisi ya shaba wanayopenda kupaka wengi naiona ni hatari zaidi ya faida: nyuzi zikiteleza, mkono uleule unakaza kupita kiasi bila kujua.

Nyuzi zikiwa zimeliwa za mwanzo tu, mbili au tatu, zinaweza kusafishwa kwa tapi (kifaa cha kukata nyuzi) ya aina inayoingizwa hadi chini kwenye nyuzi nzima, ikatanuliwa, kisha ikatolewa kwa kurudi nyuma. Inafuata njia ya zamani. Tapi ya kawaida ikianzia juu kwenye nyuzi zilizopinda, inakata njia mpya pembeni, na plagi itakaa imeinama.

Zikiwa zimekwisha, weka bushi, yaani kipande chenye nyuzi mpya kinachokaa ndani ya tundu. Kuna aina mbili. Ya waya uliosokotwa, Helicoil, ni ya bei nafuu na inafaa, ila kwenye tundu linalofunguliwa mara kwa mara inaweza kutoka pamoja na plagi. Naipa nafasi ya kwanza bushi nzima ya chuma yenye ukingo, kama Time-Sert, kwa kuwa nyuzi zake za chini hutanuliwa na kubana hedi wakati wa kuiweka. Nunua ya M14 x 1.25 yenye urefu wa milimita 19, si fupi. Ukingo ukae sawasawa na uso wa hedi, maana wosha ya plagi inazibia hapo.

Kukata nyuzi za kushikia bushi: shusha pistoni chini, jaza grisi kwenye mifereji ya tapi, paka mafuta ya taa kidogo. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma; baada ya mizunguko miwili itoe, ifute, paka grisi upya. Sumaku haitakusaidia, alumini haishikwi nayo. Vuta mabaki kwa mpira mwembamba uliofungwa kwenye mashine ya kufyonza vumbi, kisha funika tundu kwa kitambaa na uzungushe injini kwa stata plagi zote zikiwa nje na waya wa koili umetolewa.

Kuzungushia plagi waya wa shaba, foili au gundi ya chuma ni kuua pistoni polepole. Joto la plagi hupitia kwenye nyuzi na wosha kwenda kwenye hedi; likizibwa, ncha inawaka kabla ya moto wa koili na pistoni inatobolewa. Kuchomelea tundu kwa gesi ya argoni kunawezekana, lakini hedi ishushwe, na baadaye isawazishwe kwa mashine. Ufa ukionekana kati ya tundu na kiti cha valvu, hapo ndipo wale wa "tafuta hedi nyingine" wana haki.

Ukishamaliza, weka alama ya rangi kwenye kava ya valvu juu ya silinda yenye bushi. Fundi atakayefuata akitoa plagi na bushi ikafuata, ajue ni ya kurudishwa, asije akalikata tundu zima upya kwa tapi ya milimita 18.