Aliyeapa Hana Mke Yuko Wapi?

Ukipita mitaa ya Dar es Salaam hukosi kuona ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Wengine huongezea: OGOPA MATAPELI. Mgeni hucheka. Mwenyeji anajua humo ndani kuna ndugu wanaogombea urithi, au hati ilishakwenda benki, na pengine yote mawili.

Nina ulevi wa kusoma hukumu za nyumba zilizowekwa rehani. Ziko TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania, bure, ingawa nyingi ni za Kiingereza, kwa hiyo anayefukuzwa kwenye nyumba ndiye asiyeweza kuzisoma. Kisa hakibadiliki sana. Mume kachukua mkopo wa biashara, nyumba kaiweka bondi, marejesho yamekwama. Notisi ya siku 60 inamfikia yeye, anaikunja na kuificha. Mke anakuja kujua siku dalali anapopita mtaani na kipaza sauti. Anakimbilia mahakamani: hii ni nyumba ya ndoa, mimi sikushirikishwa. Faili la benki likifunguliwa, kinatoka kiapo cha mume kwamba hana mke. Au inatoka ridhaa iliyosainiwa vizuri kabisa, na picha ya pasipoti ya mwanamke ambaye mke mwenyewe hajawahi kumwona.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kinataka mwenza aridhie. Marekebisho ya 2008 yaliipunguzia benki mzigo: mkopaji akitamka kwa kiapo kwamba hana mwenza, benki inahesabiwa imetimiza wajibu wake. Lakini marekebisho hayo hayo yalifanya uongo huo kuwa kosa la jinai, faini isiyopungua nusu ya mkopo au kifungo kisichopungua miezi 12. Sasa niambie, ni nani umesikia kafungwa kwa hilo? Ninazozisoma ni kesi za madai. Mke anashtaki, benki inajitetea, aliyenunua mnadani analia kwamba katoa pesa yake halali. Aliyedanganya anabaki jina tu kwenye orodha ya wadaiwa, na mara nyingine hata haonekani.

Wapo pia wanandoa wanaocheza mchezo. Pesa wamekula wote, mnada ukikaribia mke anatangulizwa mahakamani kuomba zuio. Majaji wanaujua mchezo huo, na ndiyo maana mke wa kweli naye hutiliwa shaka. Kwa hilo siilaumu benki peke yake. Ila mtaa mzima unajua nani mke wa nani. Afisa mikopo akikaa gengeni dakika chache, akanunua nyanya za mia tano, atatajiwa mke, watoto na mchepuko. Badala yake anaridhika na barua yenye muhuri wa serikali ya mtaa, na sote tunajua muhuri huo hupatikanaje.

Gharama tunalipa sisi majirani. Nyumba yenye kesi haina mwenyewe. Wapangaji wanadaiwa kodi na mume, na mke, na aliyenunua mnadani. Wenye akili wanahama, wanaobaki hawalipi mtu. Choo kikijaa hakuna wa kuita gari la majitaka, na maji yanapita mlangoni kwa jirani asiyejua hata benki inafananaje. Kisha mama mwenye leseni yake safi ya makazi, karatasi anayoweza kuiweka bondi, akitaka mtaji wa duka, watoto wake wakubwa wanamkatalia: unataka tuuziwe kama wale? Anaishia kwenye mikopo ya kausha damu, anakopa leo na kulipa kila siku.

Mimi nataka kitu kimoja. Mahakama ikishasema kiapo kilikuwa cha uongo, nakala ya hukumu iende kwa mwendesha mashtaka bila kusubiri mke aanze tena kuzunguka vituo vya polisi. Kwa mkopo wa milioni 40, faini inaanzia milioni 20. Ilipwe hata mara moja tu, Temeke au Kinondoni, halafu itangazwe kwa kipaza sauti kile kile cha dalali.