Michezo Tunayoiacha Nje ya Geti

Kuanzia mwezi Mei jikoni kwetu hapa Saitama, kaskazini mwa Tokyo, hakutupwi boksi la maziwa. Ni yale ya lita moja, ya karatasi ngumu. Tunayasuuza, tunayakausha dirishani, na Ijumaa binti yangu anayabeba kwenda nayo chekechea. Mwaka wa kwanza nilidhani ni utaratibu wa kutenganisha taka. Kumbe walimu walikuwa wanakusanya vifaa vya natsu matsuri, sherehe ya kiangazi ambayo chekechea nyingi za Japani huifanya mwezi Julai au Agosti.

Siku yenyewe nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda nikitegemea kukuta pembea za kukodi. Hakukuwa na kitu hata kimoja cha kukodi. Maboksi yetu ya maziwa yalikuwa yamepangwa kama mnara, yamebandikwa nyuso za mazimwi, na watoto wanayatungua kwa mipira ya magazeti iliyozungushiwa selotepu. Kona nyingine kulikuwa na bwawa la kitambaa cha buluu lenye samaki wa karatasi, kila samaki ana kibanio cha chuma mdomoni. Fimbo ya kuvulia ni gazeti lililoviringishwa, uzi, na sumaku. Kulikuwa na pete za kamba za kurushia kwenye chupa, na beseni la maji lenye maputo madogo yanayoelea. Puto unalivua kwa kindoano kilichofungwa kwenye karatasi iliyosokotwa. Karatasi ikilowa inakatika, kwa hiyo mtoto anajifunza mwenyewe kushusha mkono taratibu. Wa miaka mitano walipita na omikoshi, ile machela ya sherehe wanayobeba mabegani, nayo imetengenezwa kwa maboksi ya dukani, wanaitikiana "wasshoi, wasshoi" mpaka sauti zikawakauka.

Kilichonigusa zaidi kilikuwa sakafuni. Pale kwenye mnara wa maboksi walibandika mistari mitatu ya selotepu. Mwekundu, karibu kabisa, wa wenye miaka miwili. Wa njano wa miaka mitatu. Wa buluu, mbali, wa wakubwa. Mtoto mmoja ambaye mkono wake wa kulia hauna nguvu alipewa mstari wake, na boksi la juu kabisa halikujazwa kitu ndani ili lianguke kwa kuguswa tu. Likaanguka. Mwalimu aliyelipanga alishangilia kama mama yake.

Pembea ya kukodi haiwezi kufanya hivyo. Aliyeitengeneza hamjui mtoto wako.

Halafu kuna suala la usalama, ambalo kwetu hatulizungumzii vya kutosha. Mama mjamzito hapa anapewa na halmashauri daftari la mama na mtoto, na ndani yake kuna kipimo cha milimita 39, upana ambao mdomo wa mtoto wa miaka mitatu unaweza kufunguka. Kinachopita hapo kinaweza kumezwa au kumkaba. Usipokuwa na daftari, chukua kile kiini cha karatasi ngumu kinachobaki tishu ya chooni ikiisha, upana wake unakaribia huohuo. Nilimwona mwalimu akipitisha humo kila kipande cha mchezo kabla ya kukiweka kwenye chumba cha wadogo. Nikakumbuka visoda tulivyohesabia na mbegu za ukwaju tulizochezea huku wadogo zetu wakitambaa katikati yetu. Kifuniko cha chupa ya maji kinapita kwenye kiini kile bila kugusa pembeni.

Sasa nirudi nyumbani, maana hapo ndipo panaponiuma. Mimi ni wa Mbagala, Dar es Salaam. Hakuna mtu wa kunifundisha kwamba takataka inaweza kuwa mchezo. Kaka zangu walitengeneza magari ya makopo yenye magurudumu ya ndala zilizochakaa, yenye usukani wa waya mrefu ili uendeshe ukiwa umesimama. Sisi wasichana tulivalisha magunzi ya mahindi vipande vya khanga tukawabeba mgongoni. Rede tulicheza kwa soksi na chupa moja ya kujaza mchanga. Nilipokwenda likizo nikakuta watoto wa mtaani bado wanafunga mpira, siku hizi kwa matambara, kwa sababu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019. Mtoto wa miaka sita anajua kamba ipite wapi ili mpira udunde.

Ila mtoto huyohuyo akifika kwenye geti la chekechea anaambiwa auache mpira wake nje. Ndani kuna daftari. Ana miaka minne, anaandika a, e, i, o, u kurasa tatu na anarudi na kazi ya nyumbani. Na siku ya mahafali wazazi tunachangishwa joho, kofia, turubai, viti vya kukodi, muziki na jumba la puto la kurukia, ambalo watoto mia wanalipanga foleni na kila mmoja anaruka dakika mbili. Nimechanga mara nyingi kwa watoto wa ndugu, na picha za majoho nimezipenda. Lakini sijawahi kuona kwenye picha hizo kitu hata kimoja kilichotengenezwa na mwalimu au na mtoto mwenyewe.

Najua jibu ninalopewa: Japani ni matajiri. Lakini fedha iliyotumika kwenye samaki wale ni ya sumaku na gundi. Wanachotuzidi kweli ni mikono. Hapa sheria inataka mlezi mmoja kwa watoto 3 wa chini ya mwaka, 6 wa mwaka mmoja na miwili, na mwaka 2024 waliteremsha wa miaka minne na mitano kutoka 30 hadi 25. Mwalimu wetu wa darasa la awali la serikali anaota idadi hiyo. Tena hata hapa mzigo upo. Walimu wengi hukata karatasi usiku nyumbani bila malipo, jambo ambalo silisifu hata kidogo na nisingependa tuliige.

Sisi tuna mikono mingine. Tuna babu anayekaa barazani, tuna shangazi, tuna kaka wa darasa la tano anayejua gari la makopo kuliko mwalimu yeyote wa Saitama. Mtaala wetu wa elimu ya awali wenyewe unahimiza michezo na zana zinazopatikana katika mazingira. Anayekataa ni mzazi, anayedhani amelipa ada ili mtoto asishike makopo. Na hapa niseme wazi, Mbagala tunawazidi. Michezo ya Saitama hutengenezwa zaidi na walimu, watoto wakipaka rangi na kubandika. Kwetu mtoto mwenyewe ndiye fundi. Chekechea ya Tanzania ingemwingiza fundi huyo darasani, Wajapani wangekuja kujifunza kwetu.

Dada yangu ana chekechea ndogo nyumbani, watoto 34. Nilimtumia picha zote za mnara, samaki na mistari ya selotepu. Akakaa siku mbili kimya, kisha akapiga.

"Mdogo wangu, wazazi watasema nawachezea watoto wao takataka."

"Dada, waite Jumamosi wazitengeneze wenyewe. Baba akishaviringisha gazeti kwa mkono wake hataliita takataka."

Akaguna. Niliposikia anaguna nikajua anafikiria. Juzi akanitumia ujumbe: sumaku amezipata kwenye spika mbovu za fundi redio, moja kubwa amevunja vipande, kila kimoja kakishonea kitambaa mara mbili na kukipitisha kwenye kiini cha tishu, hakipiti. Mahafali ni Novemba. Joho ameliacha, turubai amelibakiza kwa sababu ya jua. Anauliza fimbo iwe na urefu gani kwa mtoto wa miaka minne. Nimeipima ya binti yangu: fimbo sentimita 40, uzi sentimita 30, na ncha zote mbili za gazeti zimezungushiwa selotepu ili zisimchome mtu jichoni.