Sherehe ya Kifaransa parokiani, na watoto wanaokijua

Parokia moja upande wa Makindye, hapa Kampala, iliamua sherehe ya mwaka huu iwe ya Kifaransa, na fedha zote ziende kumalizia madarasa ya shule ya msingi iliyo nyuma ya kanisa. Nilikwenda, nilifurahi, nilichangia. Lakini nina neno.

Kuchagua Ufaransa hakukuwa kwa kubahatisha. Ukatoliki uliingia Uganda kwa mikono ya Wafaransa. Tarehe 17 Februari 1879, Padri Siméon Lourdel, ambaye Waganda wanamwita Mapeera hadi leo, alifika Kigungu karibu na Entebbe pamoja na Bruda Amans, wakiwa wamevuka ziwa kutoka kusini. Baadaye Wakatoliki wakaitwa Wafaransa na Waprotestanti wakaitwa Waingereza, na Januari 1892 pande hizo mbili zikapigana Mengo, hapa hapa Kampala. Kwa hiyo kuona bendera ya bluu, nyeupe na nyekundu ikipepea uwanjani, watu wa kila dhehebu wakila pamoja chini yake, kulinigusa sana.

Wanafunzi walikuwa wamejenga mnara wa Eiffel kwa fito za mianzi. Mnada ulichangamka kama kawaida: mkungu wa matoke ukapanda bei hadi watu wakapiga vigelegele, jogoo akanunuliwa, akarudishwa, akanadiwa upya. Ila foleni ndefu kuliko zote ilikuwa kwa akina mama Wakongo. Walipika sombe, yaani majani ya muhogo, na samaki, na pembeni mama mmoja wa Bukavu alikuwa akikaanga maandazi. Alichota unga uliokwisha kuumuka, akaukamua kwenye ngumi, donge likatokeza juu ya kidole gumba, akalidondosha kwenye mafuta. Hakupima, na yote yalitoka sawasawa.

Asubuhi, kwenye Misa, somo la pili lilikuwa limesomwa kwa Kifaransa na binti mmoja aliyesimama wima, hakukwama popote. Waumini walimpigia makofi. Kumbe ni mwanawe huyo mama.

“Anasoma hapa hapa shuleni, mama?” nikamuuliza.

“Anasoma, kaka. Lakini walimrudisha darasa la tatu. Kule nyumbani alikuwa ameshafika la sita. Hesabu anajua, ni Kiingereza tu.”

Hapo ndipo penye neno langu. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na Wakongo ni wengi miongoni mwao. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mtoto wa mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na mwenyeji, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini haki hiyo inakwama mlangoni mwa darasa, kwa sababu masomo ni kwa Kiingereza na mtihani wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi, nao ni kwa Kiingereza. Mtoto mwenye akili timamu anakalishwa na wadogo zake, magoti yanagonga dawati, na baada ya muda anaona aibu, anabaki nyumbani kumsaidia mama kuuza vitenge.

Sasa tumewaomba watoto hawa watusomee Neno la Mungu, tumewaomba mama zao watupikie, na chakula chao ndicho kilichojaza sanduku la michango. Sioni haki fedha hizo zikiishia kwenye saruji na mabati peke yake. Najua kamati itasema madarasa kwanza, na kweli mvua ikinyesha watoto wanalowa. Paa liezekwe. Ila fungu moja, hata dogo, lilipe mwalimu wa kuwafundisha Kiingereza watoto waliotoka Kongo na Burundi, jioni baada ya vipindi, hadi waweze kurudi madarasa yao. Vyumba vipo, na jioni havina mtu.

Tena hesabu zisomwe kanisani, kilichopatikana na kilichotumika, mbele ya akina mama wale wale waliosimama juani tangu alfajiri.

Nimeshazungumza na mwenyekiti wa kamati. Nimemwahidi kwamba mshahara wa mwezi wa kwanza wa mwalimu huyo nitautoa mimi, muhula ujao ukifunguliwa. Wa mwezi wa pili anatafutwa.