Safu ya mbele ikioza, timu inunue majina au inunue muda?

Kila Machi, soko la wachezaji huru la NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, linapofunguliwa, mashabiki wa timu ambayo kotabeki wake, yule mrusha pasi, alimaliza msimu akilala chali hudai jambo moja: fukuza safu yote ya mbele, wale watano wanaomkinga, leta wapya. Mfano wanaoutoa ni Kansas City Chiefs wa 2021. Ni mfano mzito, na wanaoutoa hawakukurupuka. Tatizo ni kwamba huishia katikati ya habari.

Tuwape haki yao kwanza. Februari 2021 Chiefs walichapwa 31-9 na Tampa Bay kwenye Super Bowl, fainali ya ligi. Safu ya mbele ni senta katikati, gadi wawili kandokando yake na teko wawili pembeni. Teko wa kushoto, Eric Fisher, alichanika kano ya kisigino wiki mbili kabla. Teko wa kulia, Mitchell Schwartz, alikuwa nje tangu Oktoba kwa maumivu ya mgongo. Gadi Laurent Duvernay-Tardif, ambaye ni daktari, alikuwa ameamua kutocheza msimu wa korona, akaenda kuhudumu kwenye makao ya wazee huko Quebec. Kotabeki wao, Patrick Mahomes, alikimbizwa mchezo mzima. Mwezi uliofuata Fisher na Schwartz wakaachwa siku moja. Joe Thuney akasainiwa kwa miaka 5 na dola milioni 80, teko Orlando Brown akatolewa Baltimore kwa chaguo la raundi ya kwanza la drafti (zamu za timu kuchagua chipukizi) na mengine juu yake, na drafti hiyo ikawapa senta Creed Humphrey na gadi Trey Smith. Septemba ilipofika, hakuna hata mmoja wa wale watano walioanza fainali aliyekuwamo kwenye kikosi cha kwanza. Miaka miwili baada ya kipigo cha Tampa wakakutana kwenye Super Bowl na Philadelphia Eagles, timu iliyokuwa imeangusha makotabeki kabla hawajarusha pasi mara 70 katika msimu wa kawaida, na Mahomes hakuangushwa hata mara moja. Chiefs 38, Eagles 35.

Kwa hiyo inawezekana kubadili watano kwa mpigo. Na wanaodai hivyo wana hoja nyingine ngumu zaidi: kotabeki hasubiri. Joe Burrow, kotabeki wa Cincinnati Bengals, alikatika kano za goti Novemba 2020, akiwa katika msimu wake wa kwanza. Ukimwambia mwenye timu asubiri miaka 3 vijana wakomae, anakuonyesha picha ya goti hilo.

Lakini Burrow huyo huyo ndiye anayeonyesha upande wa pili, upande ambao watu huupuuza. Msimu wa 2021 aliangushwa mara 51, kisha mara 19 katika mechi za mtoano, zikiwamo 9 dhidi ya Tennessee na 7 kwenye Super Bowl waliyopoteza kwa Rams, 23-20. Bengals wakafanya kile mashabiki walichotaka. Wakamnunua senta Ted Karras, gadi Alex Cappa na teko La'el Collins, na gadi wa kushoto wakampa chipukizi wa raundi ya 4, Cordell Volson. Wanne wapya kati ya watano. Kila mtu akaona kazi imekwisha.

Mechi ya kwanza, dhidi ya Pittsburgh, Burrow aliangushwa mara 7. Ya pili, dhidi ya Dallas, mara 6. Mechi mbili, mara 13, zote mbili wamepoteza, na fedha zimeshatoka.

Hapa inafaa kutulia, kwa sababu kilichofuata hakisemwi sana. Bengals hawakumnunua mtu mwingine. Watano wale wale waliendelea kuanza hadi Desemba. Burrow alimaliza msimu wa kawaida akiwa ameangushwa mara 41 katika mechi 16. Toa zile 13, zinabaki 28 kwa mechi 14, yaani wastani wa mara 2 kwa mechi, kutoka mara 6 na nusu. Kweli, si safu peke yake iliyobadilika. Burrow alianza kuachia mpira mapema zaidi. Lakini mikataba haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba watu wale walizoeana. Collins alikuwa amekosa sehemu kubwa ya kambi kwa sababu ya mgongo, na Burrow mwenyewe aliianza kambi akiuguza upasuaji wa kidole tumbo. Septemba ndiyo iliyowafanyia mazoezi, mbele ya T.J. Watt wa Pittsburgh na Micah Parsons wa Dallas, wawindaji wa makotabeki.

Kuzoeana huko si hisia. Chukua ule mtego ambao walinzi wa timu pinzani hawachoki kuutega: mkabaji wa nje, anayemvamia kotabeki kutoka pembeni, anachoma kwa ndani na kumgonga gadi begani, na mkabaji wa ndani anazunguka nyuma yake kwenda nje. Teko akimfuata mtu wake, njia ya nje inabaki wazi kabisa hadi kwa kotabeki. Anachotakiwa kufanya ni kumsukuma yule anayeingia, kwa mkono wa ndani, hadi afike kifuani kwa gadi, kisha arudi nje kumpokea anayezunguka. Gadi naye anapaswa kumwachia mtu wake kabla hajawa na uhakika kwamba teko atampokea. Na lazima wote wawili wawe kina kimoja. Teko akirudi hatua moja nyuma zaidi ya gadi, anayechoma anapita kwenye pengo katikati yao na hakuna wa kumkabidhi kwa mwenzake. Haya yote huisha ndani ya sekunde mbili na nusu hivi, mara nyingi kwenye kelele ambazo haziruhusu kusemezana. Gadi asiyemwamini jirani yake hushikilia mtu wake nusu sekunde ya ziada. Nusu sekunde hiyo ndiyo inayomwangusha kotabeki.

Na muda wa kujifunza haya ni mfupi kuliko wengi wanavyodhani. Mkataba wa ligi na wachezaji huruhusu mazoezi 14 tu ya vifaa kamili katika msimu mzima wa kawaida. Ambaye hakuyapata Agosti atayapata kwenye mechi, kotabeki akilipa gharama.

Jambo la pili linalopotoshwa ni wapi fedha iende kwanza. Tuseme kila mmoja wa wanne anafanikiwa kumzuia mtu wake mara 95 kati ya 100, na wa tano, tuseme gadi wa kulia, mara 85. Ili pasi iwe salama wote watano lazima wafanikiwe pamoja, kwa hiyo unazidisha: inatoka asilimia 69. Katika pasi 40, 12 zinaharibika. Sasa timu inunue nyota, imwondoe teko wa 95 na kuweka wa 99. Inafika asilimia 72, zinaharibika 11. Mamilioni yote hayo yameokoa pasi moja. Badala yake mwache teko alivyo, mwondoe yule gadi wa 85 na uweke mtu wa kawaida kabisa wa 95: asilimia 77, zinaharibika 9. Hesabu hii ina mapungufu yake, maana gadi husaidiwa na senta na si kila kosa huzaa anguko. Lakini inaonyesha kwa nini kiraka kwenye tundu huzaa kuliko dhahabu juu ya kitambaa kizima. Mkabaji mwerevu hampigi nyota wako; anahama anamtafuta mnyonge.

Kwa hiyo kabla ya kufungua pochi, kocha wa safu akae na picha za kila anguko la msimu na aligawe: mtu kazidiwa mwilini, mtu kakosea wito (agizo la nani amzuie nani), beki mkimbiaji, yule mbeba mpira, hakumwona lainibeki (mlinzi wa safu ya pili) anayekuja, au kotabeki kaung'ang'ania mpira. Makosa ya wito mara nyingi ni ya senta, kwa kuwa ndiye anayeonyesha lainibeki yupi ahesabiwe kabla ya mpira kuachiwa, na hayaponi kwa kumnunua teko. Kotabeki anayekaa na mpira sekunde 4 hana safu itakayomwokoa. Tundu la kweli likijulikana, unaweza kulisitiri kwa muda: pasi za haraka, taitendi, mpokeaji anayejipanga mwishoni mwa safu, asimame upande wa teko dhaifu, beki mkimbiaji ampige bega mkabaji wa nje kabla ya kwenda kwenye njia yake. Bei yake ni kwamba kila anayebaki kusaidia ni mpokeaji mmoja pungufu au aliyechelewa.

Benchi nalo. Sheria huruhusu timu kuvalisha wachezaji 48 siku ya mechi badala ya 47 ikiwa 8 kati yao ni wa safu ya mbele. Watatu hao wa akiba lazima awemo anayeweza kucheza teko pande zote mbili, na anayeweza kuachia mpira kama senta. Bengals walifika fainali ya AFC, nusu moja ya ligi, Januari 2023 wakiwa wamewapoteza kwa majeraha Collins, Cappa na teko wa kushoto Jonah Williams. Akiba walitosha kuifunga Buffalo kwenye theluji, 27-10. Wiki iliyofuata Chiefs walimwangusha Burrow mara 5 na kushinda 23-20.

Sasa turudi kwa Chiefs. Brown, yule aliyegharimu chaguo la raundi ya kwanza, aliondoka baada ya misimu miwili. Waliobaki ni wa katikati: Thuney, Humphrey aliyechaguliwa wa 63 na Smith aliyechaguliwa wa 226. Walikaa pamoja misimu minne na kufika Super Bowl tatu mfululizo. Wapenda manunuzi wana jibu, na nalikubali: 2024 Chiefs hawakuwa na teko wa kushoto wa kutegemewa. Walianza na Kingsley Suamataia, wakaenda kwa Wanya Morris, wakamjaribu D.J. Humphries, mwisho wakamhamisha Thuney kutoka ugadi. Kuhamisha mmoja kuliharibu nafasi mbili, na Eagles walimwangusha Mahomes mara 6 wakishinda 40-22, karibu bila kuongeza mkabaji wa ziada. Tundu la kweli pembeni halizibwi kwa kuzoeana.

Ila waangalie pia Eagles hao. Jordan Mailata alichaguliwa raundi ya 7 mwaka 2018 akitoka kwenye raga Australia, hajawahi kucheza mchezo huu, na misimu miwili ya kwanza hakucheza hata mechi moja. Alikuwa akifundishwa na Jeff Stoutland, aliyekuwapo tangu 2013. Mekhi Becton, teko ambaye Jets walimchagua wa 11 mwaka 2020, alikuja bila kelele na wakamgeuza gadi.

Chicago, ambao kotabeki wao Caleb Williams aliangushwa mara 68 msimu wa 2024, waliingia sokoni Machi 2025 kwa nguvu zote. Walichonunua ni gadi wawili, Thuney mwenyewe akiwa mmoja wao, na senta. Nafasi ya teko wa kushoto waliiacha ishindaniwe kambini.