Kabla ya kununua samaki, hesabu mitungi

Kufuga samaki ndani ya nyumba si jambo geni Lamu. Nyumba za kale za mawe, zile za Mkomani, zilikuwa na birika la maji chooni, na ndani ya birika waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa mafundi walipachika bakuli au sahani ya kaure ya Kichina, ili birika likikaushwa kwa kusafishwa, maji yaliyosalia kwenye kaure yawatoshe samaki mpaka maji mapya yatiwe. Wageni huonyeshwa sahani hizo kama mapambo. Mimi naziona ni hesabu: aliyejenga birika alijua samaki wake watakuwa wakubwa kiasi gani, watataka maji mangapi, na watakaa wapi siku ya usafi.

Samaki wa mapambo wanaoingia mjini siku hizi hutoka Mombasa wakiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa oksijeni, kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti hadi gatini. Wengi ni wadogo na hubaki wadogo, kama gapi. Lakini wamo pia watoto wa samaki wakubwa. Oskari, ambaye asili yake ni bonde la Amazon, huuzwa akiwa na urefu wa kidole. Akilishwa vizuri, ndani ya mwaka mmoja hivi anakaribia sentimita 25 hadi 30, na anaweza kuishi miaka kumi na zaidi. Pleko, yule anayejibandika kiooni kulamba ukungu, hupita sentimita 40. Koi hufika 60 na kuendelea. Kambare mkia-mwekundu, anayewavutia vijana kwa rangi zake, hupita mita moja.

Basi je, ni sawa kununua samaki ambaye unajua, au ungepaswa kujua, kwamba tangi lako halitamweka? Kundi moja linasema hapana kabisa: mnunuzi asinunue na duka lisiuze. Kundi la pili linasema kila mfugaji huanza na alichonacho, na samaki akikua atahamishwa, atapewa mwenye bwawa au atatafutiwa njia nyingine.

Nianze na kundi la pili, maana hoja zake mbili si za kudharau. Kwanza, oskari na koi wanaouzwa madukani kwa kawaida wamezalishwa kwenye mabwawa ya biashara, hawakuibwa mtoni. Oskari jike hutaga mayai zaidi ya elfu moja kwa mara moja, na huko mtoni karibu wote huliwa kabla hawajakua. Aliye ndani ya tangi amepata umri ambao ndugu zake hawakuuona. Pili, mtoto anayelisha samaki kila asubuhi hujifunza mambo ambayo hakuna somo la darasani litamfunza, hasa akiwa mtoto wa mji ambaye samaki anamjua akiwa siniani tu.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniudhi, kwa kuwa imeenea kuliko zote: eti samaki hukua kwa kadiri ya tangi, kwa hiyo ukimweka padogo atabaki mdogo. Ni kweli samaki kwenye tangi dogo hudumaa. Lakini hadumai kwa sababu ameridhika na nafasi yake. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na nyingine hutokana na kinyesi na chakula kilichooza. Bakteria walio kwenye chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, na nitrati hiyo hulimbikana mpaka mwenyewe ubadilishe maji. Samaki akiwa mkubwa na maji yakiwa machache, uchafu hulishinda chujio na oksijeni hupungua. Tena maji ya joto kama ya kwetu hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Kudumaa huko ni ugonjwa.

Mtazame oskari wa sentimita 25 ndani ya tangi la lita 60. Tangi la aina hiyo huwa na urefu wa sentimita 60, na kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma ni sentimita 30. Akitaka kugeuka hana budi aukunje mwili, mkia ukaribie kioo cha nyuma huku pua ikikaribia cha mbele. Ncha za mapezi zimechanika. Kichwani, karibu na macho, kuna vishimo vidogo ambavyo hupanuka wiki baada ya wiki. Wafugaji wa oskari wanaujua ugonjwa huo, na maji machafu pamoja na chakula duni ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa nao. Na bado mtu akikaribia huja mbele, kwa maana oskari hujifunza kumtambua anayemlisha. Mwenye tangi huiona hiyo kuwa furaha.

Kwa Lamu, hata hivyo, kioo si kipimo cha kwanza. Kipimo ni maji. Wafugaji wazoefu hutaja lita 280 hivi kuwa kiwango cha chini kwa oskari mmoja mzima. Chukua desturi ya kubadilisha robo ya maji kila wiki: ni lita 70, yaani mitungi mitatu na nusu ya lita 20. Kwa wiki nne ni mitungi 14. Samaki mmoja. Maji matamu ya mji huu hutegemea visima vya machanga ya Shela, ambako maji ya mvua hukaa juu ya maji ya chumvi; ukivuta kupita kiasi, chumvi hupanda. Mfereji ukikauka wakati wa kiangazi, mitungi hiyo hubebwa na punda na hulipiwa. Sisemi anayefuga anawanyang'anya majirani maji, maana maji yanayotolewa kwenye tangi ni mbolea nzuri na mwenye mchicha au mkomamanga wa uani hatayamwaga bure. Lakini asiyeweza kulipia mitungi 14 kila mwezi kwa miaka kumi, huyo hana uwezo wa kufuga oskari, hata kama tangi amepewa bure.

Kuna na uzito. Lita 280 ni kilo 280 kabla hujahesabu kioo, changarawe na meza. Vyumba vya nyumba zetu za kale vilijengwa vyembamba, chini ya mita tatu, kwa kuwa boriti za mikoko hazifiki mbali zaidi ya hapo, na wenye nyumba huishi ghorofani. Muulize fundi wa nyumba za mawe akuonyeshe mahali pa kuweka tangi kubwa. Hatatazama ukuta wala dirisha, atatazama dari ya chumba cha chini yake. "Weka tini, bwanangu," yaani chini, atakwambia, na hapo mazungumzo yameisha. Stima nayo ikikatika, pampu ya hewa husimama, na wa kwanza kuja juu kutweta ni yule samaki mkubwa aliyebanwa.

Mjadala huu ukifika barazani, dini haikosi kutajwa, na inatajwa na pande zote mbili. Wanaotetea ufugaji hukumbusha kisa cha Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na kindege chake, ambaye Mtume (SAW) alimtania kwa kumwuliza kimefanya nini. Wanazuoni wakapata humo kwamba kufuga ndege kwa kujifurahisha kunajuzu mradi atunzwe. Wanaopinga hutaja yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie mwenyewe. Mwenye oskari atajibu kwamba wake anakula na kushiba. Naona jibu hilo halitoshi. Paka aliyefungiwa chumbani angalau alikuwa na hewa safi ya kuvuta. Kwa samaki, maji ndiyo hewa yake, na ukimlisha sana ndani ya maji machache unamchafulia anachovuta.

Pamoja na hayo, siafikiani na wanaosema samaki mkubwa asifugwe kabisa. Hoja hiyo nyingi yake imetoka nchi za baridi, ambako samaki wa Amazon anahitaji maji yapashwe moto mwaka mzima, na tangi la lita elfu kadhaa ni gharama inayofilisi. Hapa jua hufanya kazi hiyo bila malipo. Birika la saruji la mita tatu kwa mbili, kina cha mita moja, linabeba lita 6,000, na mafundi wa kulijenga tunao mitaani. Likiwa uani, kwenye ardhi, hakuna boriti ya kuhofia. Maji ya paa wakati wa masika yanaweza kuelekezwa humo. Saruji mpya lazima ilowekwe na maji yamwagwe mara kadhaa kabla ya samaki kuingia, kwani chokaa yake huyafanya maji kuwa makali. Na kivuli kiwepo, la sivyo maji yatakuwa ya kijani ndani ya siku chache. Oskari wawili watatu au koi kadhaa wataishi humo vizuri kuliko kwenye sebule nyingi za Ulaya.

Ila utaratibu uwe huo: birika kwanza, samaki baadaye. Anayesema "nitajenga akikua" nimemsikia mara nyingi, na saruji yake huishia kwenye ukuta au harusi. Na kambare mkia-mwekundu simtetei hata kwa birika hilo. Samaki wa zaidi ya mita moja kwenye upana wa mita mbili yuko palepale alipokuwa oskari kwenye kioo. Uingereza iliwahi kufanyika kampeni ya kuwaonya wanunuzi juu ya samaki wa aina yake, kwa sababu vituo vya maonyesho ya samaki vilikuwa vikiombwa na watu wa majumbani wawapokee, na nafasi hakuna.

Sasa yule aliyekwisha nunua, na samaki amekwisha kua, afanyeje? Jibu la haraka ni "mwachie aende". Kwa huruma ya moyo naielewa, kwa matokeo siikubali. Kisiwani hakuna mto. Ukimtupa oskari baharini pale gatini umemuua kwa chumvi, taratibu, ila hukumwona akifa. Hatari kubwa ni bara: Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni, au Mto Tana unaomwaga maji Kipini. Pleko ana magamba magumu na miiba inayonasa nyavu, na dume huchimba mashimo kwenye kingo ili kutagia, kingo zikabomoka. Mexico, kwenye bwawa la Infiernillo, walitapakaa hadi wavuvi waliokuwa wakivua perege wakawa wanajaza nyavu samaki ambao hawana soko. Wakenya hatuhitaji kufundishwa somo hili kutoka mbali. Sangara alitiwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960 kwa nia njema, na aina nyingi za fulu, wale samaki wadogo wa asili ya ziwa hilo, zikatoweka. Gugumaji lililofunga ghuba ya Kisumu lililetwa Afrika kama ua la kupamba madimbwi.

Na deni hilo si la upande mmoja. Samaki simba, yule mwenye milia na miiba ya sumu ambaye wapiga mbizi wetu humkuta miambani na kumpisha, jamaa zake kutoka bahari zetu hizi za Hindi na Pasifiki wamekuwa balaa Florida na Karibi, na inaaminika chanzo ni wafugaji waliowatoa kwenye matangi. Kule hakuna anayewajua, kwa hiyo hakuna anayewaogopa wala kuwala mapema.

Kwa samaki wa bahari yetu wenyewe hoja hubadilika kidogo. Pwani ya Kenya, hasa upande wa kusini, kuna wapiga mbizi wanaokamata samaki wa mapambo kwa ajili ya kusafirishwa nje, na aliye hai humpa mpiga mbizi pesa ambayo wa ukubwa ule asingempa sufuriani. Mtu wa Lamu aliyeweka kichewa kutoka mkondo wa Manda kwenye maji ya mkondo huohuo, bila kumchanganya na samaki wa kununua, anaweza kumrudisha alikomtoa akianza kumshinda. Akishamchanganya na wageni, basi: magonjwa ya tangi hayana haja ya kupelekwa mwambani.

Wenye maduka ninawaonea huruma kuliko wanavyolaumiwa. Asipouza yeye atauza jirani yake, na samaki mdogo mwenye rangi ndiye anayelipa kodi. Kupiga marufuku sioni kama kutafanya kazi mahali ambapo oda hupigwa kwa simu na mzigo hufika na basi. Lakini kibandiko kwenye kioo cha tangi, chenye maneno mawili, "Hufika sentimita 30", hakigharimu kitu, na muuzaji anayekataa kukibandika nina shaka naye.

Limebaki jambo ambalo wafugaji hawapendi kulisikia. Kwao Amazon, oskari ni kitoweo. Samaki aliyekosa birika, aliyekosa wa kumpokea, na ambaye haruhusiwi kutupwa ziwani, anaweza kuliwa, na sioni aibu ndani yake. Nyumba iliyofuga perege uani tangu mwanzo ilijua hivyo. Sharti ni moja tu: awe hajatiwa dawa. Baadhi ya dawa za kuvu na vimelea zinazouzwa kwa matangi ya mapambo, kama ile ya kijani ya malakaiti, hubaki kwenye nyama na hazifai mwilini mwa mtu. Kwa hiyo mwenye oskari mgonjwa, aliyemtibu tibu mpaka maji yakageuka rangi, hata mlango wa jikoni ameshajifungia.