Eisenhower hakusema viwanda vya silaha vifungwe

Kila vita inapozuka na Marekani ikatajwa ndani yake, kuna maneno ya mwaka 1961 ambayo hufukuliwa. Jioni ya Januari 17 mwaka huo, siku tatu kabla ya kumkabidhi John Kennedy madaraka, Rais Dwight Eisenhower aliketi mbele ya kamera za televisheni akawataka wananchi wake wajihadhari na ushawishi usiostahili wa muungano wa jeshi na viwanda vya silaha, uwe umetafutwa au haukutafutwa. Wanaoyanukuu maneno hayo leo huwa na hoja moja: Marekani hupigana ili viwanda viuze, na aliyekiri ni jenerali wake mwenyewe wa nyota tano.

Hakukiri hivyo. Tunapomlisha maneno hayo tunalipoteza onyo lenyewe, ambalo ni zito kuliko tuhuma ya uroho.

Soma aya zilizotangulia. Anasema jeshi ni nguzo ya kulinda amani, na kwamba silaha lazima ziwe na nguvu na ziwe tayari kutumika papo hapo. Anaeleza kuwa hadi Vita Kuu ya Pili nchi haikuwa na viwanda vya kudumu vya silaha. Waliotengeneza majembe wangeweza, wakipewa muda, kutengeneza panga. Muda huo haupo tena, ndiyo maana taifa limelazimika kuwa na viwanda vikubwa vya kudumu pamoja na watu milioni tatu na nusu katika shughuli za ulinzi. Ulazima huo anautambua waziwazi. Baada ya hapo ndipo anapotaka athari zake zieleweke. Katika hotuba nzima, neno la kushikilia ni lile "haukutafutwa". Anazungumzia nguvu inayoweza kukua bila mtu yeyote kuikusudia.

Upande wanaoona onyo hilo limepitwa na wakati una hoja mbili za kuheshimiwa.

Ya kwanza ni ya hesabu. Eisenhower alisema taifa linatumia kwa ulinzi kila mwaka zaidi ya faida halisi ya makampuni yote ya Marekani ikijumlishwa. Wakati ule ulinzi ulimeza karibu asilimia 9 ya pato la taifa. Leo ni karibu asilimia 3. Bajeti imevuka dola bilioni 800, lakini faida ya makampuni baada ya kodi imevuka dola trilioni 2. Kwa kipimo alichokichagua yeye mwenyewe, mnyama huyu amepungua.

Ya pili ni ya Ukraine. Februari 2022 Marekani ilikuwa ikitengeneza takriban makombora 14,000 ya mizinga ya milimita 155 kwa mwezi, na Ukraine ilikuwa ikifyatua maelfu kwa siku. Uzalishaji wa mwezi ulitosha siku chache. Kuuongeza si suala la fedha tu. Kwenye kiwanda cha Scranton, jimboni Pennsylvania, chuma cha pua hukatwa vipande, hupashwa kwenye tanuri hadi zaidi ya nyuzi joto 1,000, hushindiliwa kwa mashine kikawa kama kopo refu, hukerezwa, hupashwa tena ili kikomae, kisha hupelekwa Iowa kujazwa baruti. TNT, baruti yenyewe, huyeyuka kwa nyuzi 80 hivi na humiminwa ikiwa majimaji. Ikipoa vibaya hubaki na nyufa au mapovu, na kombora lenye pengo ndani linaweza kulipuka lingali kwenye mtutu. Ndiyo maana hupigwa eksirei. Mtambo wa namna hii, na fundi anayeujua, hawapatikani kwa wiki mbili. Marekani iliacha kutengeneza TNT yake yenyewe mwaka 1986, ikawa inanunua nje. Mkataba wa kujenga kiwanda kipya Kentucky, wa dola milioni 435, ulitolewa Novemba 2024 tu. Kwa makombora ya kutungulia ndege ya Stinger, wahandisi waliokwisha kustaafu, wenye umri wa miaka 70 na zaidi, waliitwa warudi kuwafundisha vijana.

Hoja hii siipuuzi. Mwaka 2012 mkuu wa jeshi la nchi kavu, Jenerali Ray Odierno, aliliambia Bunge kwamba hahitaji vifaru zaidi vya Abrams, na alitaka kazi ya kuviboresha isimame kwa miaka michache. Bunge likatoa fedha hata hivyo, kiwanda cha Lima, Ohio, kisizime. Wengi waliona huo ni mfano kamili wa alichokihofia Eisenhower: mbunge analinda ajira jimboni kwake kwa kununua kitu ambacho jeshi limekikataa. Miaka kumi baadaye Poland ikaagiza mamia ya Abrams, Ukraine nayo ikapewa, na kiwanda kilikuwepo. Waliopiga kura ile wana haki ya kukumbusha.

Lakini hoja zote mbili zinajibu swali ambalo Eisenhower hakuliuliza. Alijua viwanda vinahitajika. Alichouliza ni nani anayepima hitaji. Na alikuwa ametoka kuona kipimo kikiharibika machoni pake.

Oktoba 1957 Wasovieti walirusha satelaiti ya Sputnik, na roketi ya R-7 iliyoibeba ilikuwa kombora la kuvuka mabara. Makadirio ya kijasusi mjini Washington yakaanza kutaja mamia ya makombora ya Kisovieti ifikapo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hapo ndipo lilipozaliwa "pengo la makombora", ambalo Kennedy alilifanya hoja ya kampeni mwaka 1960. Tazama nani alikadiria nini. Jeshi la anga, ambalo ndilo lililokuwa likiomba fedha za makombora na ndege za kuangusha mabomu, lilikadiria juu kuliko wote. Jeshi la nchi kavu na la majini, ambayo fungu hilo lingeyapunguzia mgawo, yalikadiria chini. Wote walisoma taarifa zilezile. Hakuna ushahidi kwamba kulikuwa na aliyedanganya. Kila mmoja alijaza pengo la taarifa kwa hofu iliyokuwa karibu na kazi yake.

Eisenhower alikuwa na sababu ya kutoamini. Ndege za upelelezi za U-2 zilikuwa zikipita juu ya Urusi tangu Julai 1956, na R-7 si kitu cha kufichwa. Ni roketi kubwa mno, vipande vyake husafirishwa kwa reli, hivyo wapiga picha walifuata njia za reli. Inatumia oksijeni iliyopozwa ikawa majimaji kwa nyuzi 183 chini ya sifuri, ambayo huchemka na kupotea hewani muda wote ikiwa ndani ya tangi. Haiwezi kujazwa ikaachwa ikisubiri amri, na kuiandaa kulichukua saa nyingi. Kwa silaha ya kushtukiza, huo ni udhaifu mkubwa. Wasovieti wenyewe waliliona hilo, wakajenga vituo vichache tu na kusubiri aina bora zaidi.

Lakini Rais asingeweza kusema hadharani anachokijua bila kufichua anakijuaje. Hata baada ya U-2 kutunguliwa Mei 1, 1960, aliendelea kubanwa. Agosti mwaka huo satelaiti ya upelelezi ya Corona ilirudisha duniani filamu yake ya kwanza ndani ya kopo, na kopo moja lile lilikuwa na picha za eneo kubwa kuliko safari zote za U-2 zikijumlishwa. Februari 1961 waziri mpya wa ulinzi, Robert McNamara, aliwaambia waandishi wa habari kwamba kama pengo lipo, basi ni kwa faida ya Marekani. Septemba 1961 makadirio rasmi yalishuka hadi vituo kati ya 10 na 25 vya kurushia. Plesetsk, kambi kuu ya R-7 kaskazini mwa Urusi, ilikuwa na vinne.

Je, programu ya makombora ya Marekani ilishuka na makadirio? Haikushuka. Ifikapo mwaka 1967 makombora 1,000 ya Minuteman, ya kuvuka mabara, yalikuwa mashimoni tayari kurushwa. Wakuu wa jeshi la anga walikuwa wametaka mengi zaidi, na McNamara alilazimika kupigania kikomo hicho. Sababu iliyoanzisha safari ilikwisha, safari ikaendelea. Mikataba ilikwishasainiwa, viwanda vimeajiri, majimbo yamepanga, na hakuna hata mmoja katika mlolongo huo ambaye kazi yake ilikuwa kusema imetosha.

Hilo ndilo alilolizungumza jioni ile. Kesho yake, Januari 18, katika mkutano wake wa mwisho na waandishi wa habari, alilileta karibu zaidi: fungua karibu jarida lolote, alisema, utakutana na picha ya kombora la Titan au Atlas, na taratibu fikra za watu zinaingiwa na dhana kwamba nchi haina shughuli nyingine ila silaha. Tangazo la kampuni lenye roketi ikipaa halikuwa limelengwa kwa mama wa nyumbani anunue roketi. Lililengwa kwake ili mbunge wake asiogope kuipigia kura.

Wakosoaji humrudia hapa, na wana haki: mtu huyu alitawala miaka minane, na vichwa vya nyuklia vya Marekani viliongezeka kutoka karibu 1,000 hadi zaidi ya 18,000 chini yake. Onyo la siku ya kuondoka ni rahisi. Mimi naisoma takwimu hiyo kinyume. Aliamini silaha za nyuklia ni njia nafuu ya kuzuia vita, na akapunguza matumizi baada ya vita ya Korea. Desemba 1959 aliamua ndege ya B-70, ya kuruka mara tatu ya kasi ya sauti, ibaki sampuli moja tu, kwa kuwa makombora yalikuwa yakiifanya isihitajike. Jeshi la anga na Bunge wakaing'ang'ania, na kabla ya uchaguzi wa 1960 fedha zikarudishwa. Kama jenerali aliyeongoza uvamizi wa Normandy hawezi kulikataa ombi moja la ndege likakatalika, nani ataweza?

Turudi kwenye ile asilimia 3. Kupungua kwa sehemu ya pato hakupunguzi uwezo wa kuamua, maana wanaoamua nao wamepungua. Ripoti ya Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, ya Februari 2022 ilisema wakandarasi wakuu wa anga na ulinzi wameshuka kutoka 51 katika miaka ya 1990 hadi 5, na watengenezaji wa makombora ya masafa mafupi na ya kati kutoka 13 hadi 3. Mkaguzi wa Bunge, GAO, aliwakuta zaidi ya maofisa 1,700 wa zamani wa wizara hiyo, wakubwa au waliohusika na manunuzi, wakiajiriwa na wakandarasi 14 wakubwa mwaka 2019. Wengine hapa wangesema kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani. Msemo huo unamfaa hakimu mla rushwa, na si lazima wawe hivyo. Ni watu waliosoma pamoja, wanaoamini jambo moja kwa dhati, na hilo ni gumu kulikagua kuliko rushwa.

Warithi wa Minuteman ndio kipimo cha leo. Makombora 400 ya Minuteman III bado yako mashimoni Montana, North Dakota na eneo la Wyoming, mfumo ulioanza kazi mwaka 1970. Umechoka kweli: saruji imezeeka, vipuri vya kielektroniki havitengenezwi tena. Mbadala wake unaitwa Sentinel. Boeing ilijitoa kwenye zabuni mwaka 2019, akabaki mwombaji mmoja, Northrop Grumman, aliyepewa mkataba wa dola bilioni 13.3 mwaka 2020. Januari 2024 gharama ilivunja kikomo cha sheria ya Nunn-McCurdy, ambayo husema mradi uliopanda kwa asilimia 25 juu ya makadirio ya sasa, au 50 juu ya yale ya mwanzo, unafutwa isipokuwa wizara ithibitishe masharti matano, likiwemo kwamba hakuna mbadala wa bei nafuu. Julai wizara ikathibitisha. Gharama: karibu dola bilioni 141, ongezeko la asilimia 81, sehemu kubwa ikitokana na mashimo, vituo vya kuongozea na nyaya za mawasiliano chini ya ardhi, si kombora lenyewe. Mpango ulitegemea mashimo ya zamani kutumika tena. Mwaka 2025 jeshi la anga likasema mengi yatabidi kuchimbwa upya.

Huenda Sentinel inahitajika. Tatizo ni kwamba wanaolitaka kombora, wanaokadiria gharama yake na wanaotia saini kwamba hakuna njia nyingine wote wako ndani ya wizara moja. Bunge lina ofisi yake ya bajeti na lina GAO, zenye wahandisi na wachumi wasiolipwa na Pentagon. Zipewe taarifa za ukaguzi wa kila shimo, umri wa kila injini ya Minuteman na hesabu za kuyabakisha makombora 400, 300 au 200, na majibu yake yafike mezani kabla ya fungu la mwaka unaofuata kupigiwa kura.